Mkono Umetulia

9 Machi 1986

Dada yangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na Mama naye macho yamempa nafuu. Kama hayakumpa, basi najua ulimi bado anao. Sisi wazima. Wifi yako anakusalimu, anasema ile blauzi uliyomtumia inamkaa kama alipimiwa. Watoto wanasoma. Mkubwa ameanza kunisahihisha ninapoongea, nikajua shule inafanya kazi yake.

Mimi bado niko kwenye jumba la seli. Ukimsomea Mama atauliza seli ni kitu gani, maana huuliza kila mwaka. Mwambie ni mahodhi marefu ya chuma, kila moja urefu wa basi. Chini inatiririka zebaki, nyembamba, inang'aa kama kioo. Juu yake yanapita maji ya chumvi, na umeme unapitishwa katikati mpaka chumvi inavunjika. Upande mmoja inatoka klorini ya kusafishia maji ya bomba, upande mwingine inatoka kostiki soda ya kutengenezea sabuni. Kwa hiyo Mama akifua au akinywa maji, ajue mwanawe amepita hapo. Umeme wenyewe una nguvu hadi saa ya mkononi inasimama. Ndiyo maana siku hizi sijui saa wala sina haraka.

Kazi yangu ni kufungua vichwa vya seli na kukomba zebaki iliyogandamana. Sisi tunaiita siagi. Imebaki miezi kumi na moja nitimize miaka ishirini kazini, tarehe mosi Februari. Aliyetimiza ishirini, nyumba ya kampuni ni yake mpaka afe, na ya mjane wake baada yake. Asiyetimiza anarudisha funguo.

Usiucheke mwandiko. Naandikia gotini.

Mdogo wako,
Nukta


23 Machi 1986

Mdogo wangu Nukta,

Barua yako ya tarehe tisa ilifika tarehe kumi na nane. Mama hajambo, macho ni yaleyale, ulimi umeongezeka. Nilipomsomea habari za siagi alisema, "Mwambie asije akaipaka kwenye mkate." Shemeji yako analalamika magoti. Mimi niko masjala kama kawaida, mafaili yanaingia kwa mkokoteni na kutoka kwa kijiko.

Sasa tuongee. Unajua nina shajara. Nimeifungua na nimezitoa barua zako za mwaka mzima nikazipanga mezani kwa tarehe. Ya Agosti uliniambia unaandikia ndani ya lori. Ya Novemba, kalamu mbovu. Ya Januari, baridi. Hii sasa ni goti. Ule mkia wa herufi g niliokufundisha, unaojikunja kama ndoana, ulianza kutetemeka Agosti. Leo umekuwa kama nyoka aliyekanyagwa. Nukta zako nilizokupa jina kwazo, zilizokuwa kubwa na za mviringo, sasa zinaangukia popote, nyingine juu ya herufi ya jirani.

Mkono wako una nini? Nijibu hilo tu. Mengine yatangoja.

Dada yako


20 Aprili 1986

Dada Masjala,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama na kwa shemeji na magoti yake. Mtoto wetu wa mwisho ameota meno mawili ya juu, anamng'ata kila anayemkaribia. Wifi yako amepanda maua mlangoni, na majirani wameanza kusema tunajiona.

Nimechelewa kujibu, kazi zilinizidi. Mkono uko mahali pake, umeungana na bega kama zamani.

Nina ombi. Ijumaa ya mwisho wa kila mwezi tunapimwa afya. Zamani walipima mkojo, lakini mashine iliharibika mwaka juzi na hakuna aliyeitengeneza. Sasa wanategemea kadi. Kila mtu wa seli anaandika sentensi moja: *Leo mkono wangu umetulia na ninaandika bila kusaidiwa.* Nesi anaitazama, anaibandika kwenye faili lako, basi. Foleni ikiwa ndefu anaturuhusu tukaijazie kwenye chumba cha chai.

Mkono ukionekana umetetemeka, unatolewa seli. Wanasema "kupumzishwa". Yule mwenzangu tuliyemwita Mluzi, kwa kuwa alipiga mluzi kutwa, alipumzishwa mwaka jana akiwa na miaka kumi na minane kazini. Mwezi uliofuata lori lilikuja kubeba vitanda vyake.

Unamkumbuka mwalimu wa hesabu? Mwaka ule niliougua nisiende shule, ulikuwa unarudi mchana, unaweka mkono wako juu ya wangu, tunaandika pamoja. Niliporudi darasani alituchapa wote wawili, maana hakujua daftari lipi la nani. Wewe ulilia. Mimi nilifurahi, nilijua nimefaulu.

Ndani ya bahasha kuna kadi kumi tupu. Nimezichukua mezani kwa nesi. Kuanzia Mei mpaka Januari, ni tisa. Ya kumi ni ya tahadhari. Siombi mengi. Sentensi moja, Dada.

Nukta


4 Mei 1986

Mdogo wangu,

Tunamshukuru Mungu tu wazima. Mama amefurahi kusikia habari za meno, amesema ndivyo ulivyokuwa wewe. Habari za kadi sikumsomea. Nilipofika hapo nikageuza karatasi, akauliza, "Mbona umenyamaza?" Nikasema mwandiko umefifia.

Nimekaa na kadi zako siku sita. Shajara ya tarehe 28 inasema: *Sitaandika.* Ya tarehe 30 inasema: *Sitaandika, nitamwambia aje.* Nikaanza kupima chumba cha nyuma kwa hatua. Wewe, wifi, watoto wanne. Mama tayari analala humo. Nilipomaliza kupima nikakaa.

Sentensi yenyewe umeisoma lakini? "Ninaandika bila kusaidiwa." Nimeiandika mara tisa, kila mara nikifika hapo kalamu inasita, na mimi ndiye mwenye mkono mzima.

Sikuziandika kwa siku moja. Nimeandika tatu kila siku, asubuhi, mchana na jioni, ili zisifanane kama zilizopigwa muhuri. Ya Julai nimeiandika kivivu kidogo. Ya Oktoba nimeikwaruza nukta moja. Mtu halisi haandiki sawasawa kila mwezi. Nyuma ya kila kadi nimeweka mwezi kwa penseli, ufute kabla ya kuitoa. Ya kumi nimeirudisha tupu.

Kuna masharti. Uvae glavu. Na uende hospitali ya nje ya kampuni, ambako hawakujui. Nijibu kwamba umeenda.

Dada yako


17 Agosti 1986

Dada yangu,

Barua hii ni fupi. Sote wazima. Pole kwa kukaa kimya, siku zinakimbia.

Kadi zako zimekuwa gumzo. Nesi ameibandika ya Juni ukutani, iwe mfano. Kila anayeingia anaambiwa, "Tazameni mtu wa miaka kumi na tisa seli, halafu nyie vijana mnaandika kama kuku." Nilisimama pale nikatazama ukuta, nikatamani kuwa huyo mtu.

Glavu zipo. Zinateleza, siagi haikombeki na glavu.

Wifi yako analalamika pete yake ya ndoa imegeuka nyeupe. Nimemwambia sonara alitudanganya, si dhahabu. Amenuna siku mbili. Ndiye anayefua nguo zangu za kazi, hataki nizifue, anasema naharibu sabuni.

Chakula nakula laini, fizi zinanisumbua. Ni uzee.

Msalimu Mama. Mwambie nakuja mwisho wa mwaka, nimepata likizo ya wiki mbili.

N.


31 Agosti 1986

Mdogo wangu,

Wote wazima. Shemeji yako amepata fimbo ya kutembelea na anaitumia kuwanyooshea watu badala ya kidole.

Hujajibu kuhusu hospitali. Nimeandika kwenye shajara: *hakujibu.*

Nimekwenda kwa mwalimu wa kemia wa sekondari iliyo jirani na ofisi yetu. Sikumwambia habari ni za nani. Nilimuuliza kitu gani kinaifanya dhahabu kuwa nyeupe. Hakufikiri hata kidogo. "Zebaki," akasema. "Ikiigusa tu, inaingia." Sonara hakuwadanganya, Nukta. Mwombe wifi radhi.

Halafu fikiri. Yeye hajawahi kuingia kwenye jumba la seli. Imetoka kwenye nguo zako, ikaingia kwenye beseni, kwenye nyufa za sakafu, mahali anapotambaa yule mwenye meno mawili. Nyumba unayoipigania ndiyo hiyo.

Njooni wote. Tutalala tulivyo, hata jikoni. Nitakutafutia kazi ya tarishi hapa masjala. Nijibu haraka.

Dada yako


4 Januari 1987

Nukta,

Umeondoka juzi na leo nakuandikia, kwa sababu siku kumi na mbili ulizokaa hapa hatukuongea. Barua yangu ya Agosti hukuijibu, na ulipofika ulinikumbatia mlangoni ukaninong'oneza, "Usianze." Sikuanza. Nakosa usingizi kwa hilo.

Nimeandika niliyoyaona, kwa tarehe. Tarehe 22: kikombe ulikiacha mezani mpaka chai ikapoa, ukakiinamia ukanywa kama ndege. Tarehe 24: shemeji yako alikuuliza jambo la kawaida kabisa, ulishikaje treni, ukaona haya kama mwari, ukatoka nje. Wewe, uliyekuwa ukiongea hata na milango. Tarehe 27: umesahau jina la mtoto wako wa tatu. Ulicheka. Mimi nilikwenda kuosha sufuria safi.

Na tarehe 29. Mama alikuita akakushika mikono yote miwili. Macho hayaoni, ndiyo maana anashika. Akasema, "Mwanangu, mbona unatetemeka?" Ukasema, "Baridi, Mama." Jua lilikuwa limejaa chumbani hadi mapazia yanachoma. Mama akavua shuka lake akakufunika. Ulikaa nalo saa nzima, jasho likikutiririka, wala hukulitoa.

Ya Desemba ulipimwa mapema, kabla ya likizo, kwa hiyo imebaki kadi moja. Nimeacha kukuomba. Ukishaipata nyumba, nitakuja tuisugue sakafu mimi na wifi.

Dada


8 Februari 1987

Wifi yangu mpenzi,

Mwandiko huu ni wangu mimi wifi yako, usishtuke. Mwenyewe yuko hapa ananisemea, nami naandika anavyosema.

Anasema: Dada, salamu. Anasema ameanza vizuri kwa salamu, usije ukamlaumu.

Anasema: Ijumaa tarehe 30 Januari tulikwenda kupimwa. Nesi hakuwepo. Alikuwepo daktari mpya, kijana, mwenye adabu. Nikamkabidhi kadi yako ya tisa. Akaitazama, akanirudishia, akaniambia, "Ahsante mzee. Sasa naomba uniandikie nyingine hapahapa." Nikasema kalamu yangu iko chumba cha chai. Akanipa yake. Nikasema sina miwani. Akasema huandiki kwa macho. (Hapa amesema neno ambalo siliandiki.) Nikaandika "Leo". Nikashindwa kupita hapo. Kalamu ikatoboa kadi. Nikapumzishwa siku hiyohiyo.

Anasema: Zilikuwa zimebaki siku mbili, Dada. Jumapili ndiyo ishirini.

Anasema daktari alisikitika kweli, akaandika kwamba hii ni zebaki, apewe matibabu na abaki nyumbani kwake, maana sheria yao ni kwamba aliyeumizwa na kazi hafukuzwi. Tukafurahi siku tatu. Halafu faili likapelekwa kwenye kamati, na kamati ikajibu. Nanakili: "Kadi nane, za Mei hadi Desemba, zinaonyesha mkono uliotulia kabisa. Kutetemeka kumeanza ghafla baada ya likizo aliyoitumia nje ya eneo la kazi. Ugonjwa huu hautokani na kiwanda." Tumepewa siku sitini kutoka.

Anasema usijilaumu. Anasema nikuandikie hivyo mara mbili. Usijilaumu.

Sasa haya ni yangu. Ile pete nimeivua. Na mimi, wifi, herufi zangu hizi unazionaje? Niambie ukweli.

Wifi yako


15 Machi 1987

Wapendwa wangu,

Wifi, herufi zako ni nzuri. Ila nenda ukapimwe, wewe na watoto, kabla ya chochote.

Mama hajambo. Nimemwambia mnahama kwenda nyumba yenye hewa zaidi.

Nukta, unajua ofisi kuu ya kampuni yenu iko hapa mjini. Kamati inakaa ghorofa ya tatu. Niliwaandikia, wakaniita tarehe 11. Nilivaa gauni la kazini, nikabeba shajara ya mwaka 1986 na barua zako zote kwa mpangilio. Nilikuwa nimekubali kufukuzwa kazi, hata kushtakiwa. Niliwaambia waziwazi: kadi nane ni zangu, mdogo wangu ameugua tangu Agosti ya mwaka juzi, na mimi ndiye niliyemficha.

Mwenyekiti ni mtu mpole, ana sauti ya kubembeleza mtoto. Akanipa kadi. "Andika, mama."

Nikaandika. Akaichukua pamoja na zile nane, akaziweka kwenye kioo cha dirisha. Wenzake wakasogea.

"Ni mkono mmoja," akasema.

"Ndiyo, ni wangu."

"Au wake." Akafungua faili lako akatoa barua yako ya kuombea kazi, ya 1966. Nukta, ile g. Zile nukta za mviringo. Hata mimi, ningeulizwa ghafla, ningesema ni yangu. Nilikufundisha vizuri mno.

"Mama, umeuiga vizuri mwandiko wa mdogo wako."

"Yeye ndiye aliyeuiga wangu."

"Tunauelewa upendo wa dada," akasema. Mwingine akafunua shajara. Akasema wino ni uleule tangu Januari hadi Desemba, mtu anaweza kuiandika yote kwa wiki moja. Nimenunua wino wa aina moja miaka ishirini na sita ili kumbukumbu zangu ziwe safi. Nikawaonyesha barua zako zilizotetemeka. Wakasema mtu anaweza kutetemesha barua akitaka, ila hawezi kutuliza kadi.

Kisha yule mpole akasema, "Tuletee kitu kimoja tu. Sentensi ileile, kwenye kadi yetu, kwa mkono wake mwenyewe wa sasa, tulinganishe." Unayo ile ya kumi, niliyoirudisha tupu. Iandike ulivyo. Usijikaze.

Dada


12 Aprili 1987

Wifi,

Salamu kutoka chumba kimoja nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Tulitoka tarehe nne. Maua yangu nimeyaacha. Watoto wamepimwa, majibu bado, na mimi siwaulizi haraka.

Kadi ni hiyo ndani. Imemchukua siku nne. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kadi juu ya ubao, ameushika mkono wa kulia kwa wa kushoto. Siku ya pili nilishindwa kuvumilia, nikasema niweke mkono wangu juu ya wake, angalau kuongoza. Akanisukuma. Hajawahi kunisukuma tangu anioe. Akasema, "Imeandikwa bila kusaidiwa."

Alipomaliza aliniuliza kama inasomeka. Nilisema ndiyo.

Wifi yako


3 Mei 1987

Nukta, mdogo wangu,

Shemeji yako anakusalimu, ameahidi kuwaazima watoto fimbo yake wakija likizo. Barua yenye kadi ilifika tarehe 22. Niliifungua nikiwa nimesimama, nikaisoma palepale mlangoni. Mimi niliisoma yote, neno kwa neno. Ujue hivyo.

Tarehe 27 niliipeleka ghorofa ya tatu. Kamati ilikuwa haikai, nikaelekezwa kwa karani wa mapokezi, binti mwenye kucha ndefu. Karani mwenzangu. Aliigeuza kadi juu chini, akaipeleka kwenye mwanga, akaigeuza tena.

"Mama, hii haisomeki."

"Ndiyo ushahidi wenyewe."

"Naelewa, lakini siwezi kusajili kitu kisichosomeka. Mwambie aandike tena, polepole, vizuri."

Nimekuwa masjala miaka ishirini na sita. Mimi mwenyewe nimewarudisha watu wangapi mlangoni kwa maneno hayohayo, sauti hiyohiyo? Nilimwambia ahsante. Nikaichukua kadi nikashuka ngazi.

Sikuombi uandike tena.

Nilipofika nyumbani, Mama alisikia karatasi mkononi mwangu. "Ni ya Nukta hiyo? Nisomee." Nikasema ni fupi, mstari mmoja. "Basi nisomee huo mstari."

Nikamsomea ulivyouandika: *Leo mkono wangu umetulia na ninaandika bila kusaidiwa.*

Mama akashusha pumzi, akajifunika shuka lake, lile.

"Afadhali," akasema. "Nilikuwa na wasiwasi naye."

Dada yako